Neno la Juma: Maafa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baadu.

Juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka kwa mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Bintiye asomaye chuo kikuu alirudi nyumbani akamwuliza: "Mama, mbona Wamarekani weusi huiita biashara ya watumwa kwa jina la Maafa? Hilo si neno letu?" Mama akamjibu kuwa ni neno letu. Binti akazidi kuuliza: "Na sisi je, yaliyofanyika hapa kwetu twayaita nini?" Hapo mama hakuwa na jawabu, akaona atuandikie.

Swali ni zuri, na lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya lugha, na hiyo ni nyepesi. Sehemu ya pili ni ya nafsi zetu na majumba yetu, na hiyo ina uzito wake. Tutaanza na nyepesi ili itupeleke kwenye nzito.

Asili ya neno

Maafa ni neno lililotoka katika Kiarabu. Huko huitwa afa, na wingi wake ni afati. Maana yake ya asili ni kitu kinachokiingilia kitu kizuri kikakiharibu. Mkulima akipanda shamba likastawi, kisha nzige wakashuka au ukungu ukaingia katika mashuke, Mwarabu husema shamba limepatwa na afa. Hata leo, katika vitabu vya kilimo vya Kiarabu, wadudu na magonjwa ya mimea huitwa afati. Tazama basi ubainifu wa neno hili: afa haikai mahali patupu. Hukaa penye kitu cha thamani, ikakila.

Wanazuoni wakalichukua neno hilo kutoka shambani wakalitia katika mambo ya moyo na tabia. Kila aliyepitia madrasa amesikia kwa mwalimu wake kwamba afa ya elimu ni kusahau. Naye Imamu Ghazali, katika Ihyaa Ulumi-d-Din, ameweka kitabu kizima juu ya afati za ulimi, akazihesabu moja baada ya moja: maneno yasiyo na faida, ubishi, matusi, laana, mzaha wa kuumiza, kejeli, uongo, kusengenya na kufitini. Ulimi ni neema, na hayo ndiyo maafa yake. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Waswahili walipolipokea neno hili walilivika vazi la kwao. Wakaliongezea kiambishi cha ma-, likaingia katika kundi la maji, mafuta na maradhi, na tangu hapo twasema maafa haya, maafa makubwa, maafa yametukumba. Umoja wake, afa, haukupotea, lakini ni wa nadra sana katika mazungumzo ya kila siku.

Hapa yafaa tuwatahadharishe vijana wetu na makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba maafa ni tawi la kitenzi kufa. Kufa ni neno la Kibantu, nalo lina ndugu zake kuanzia kwa Waganda hadi kwa Wazulu. Kufanana kwake na maafa ni kwa sauti tu. La pili ni kulichanganya na neno afya. Afya pia ni ya Kiarabu, lakini mwanzo wake ni herufi ya ayni, na huko imechimbuka pamoja na afuwa, yaani msamaha na kusalimika. Afa huanza kwa alifu. Kiswahili hakitofautishi sauti hizo mbili, na ndiyo sababu maneno yaliyo kinyume kabisa yakaonekana kama mtu na nduguye.

Maafa na jamaa zake

Lugha yetu ina utajiri wa maneno ya masaibu, na kila moja lina mahali pake. Msiba ni musiba wa Kiarabu, nalo lahusiana na mshale kufikia shabaha: ni jambo lililokulenga likakupata. Katika miji yetu msiba umekuwa jina la kifo na kilio, na una nyumba yake. Watu huulizana msiba uko wapi, wakaelekezwa mlango. Balaa asili yake ni mtihani, na katika Kiarabu mtihani waweza kuwa wa shari au wa kheri. Ajali asili yake ni muda uliowekwa, ule usiotangulia wala kuchelewa, na ndipo wazee waliposema kuwa ajali haina kinga. Janga siku hizi hutumika zaidi kwa maradhi na ukame.

Maafa yameyapita haya yote kwa ukubwa. Msiba una nyumba, lakini maafa yana mji. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama pale Mtongwe na watu 272 wakapoteza maisha, kila nyumba iliyofiwa ilikuwa na msiba wake, lakini Mombasa yote ilikuwa na maafa. Mola awarehemu waliotutangulia. Ndivyo tunavyolitumia neno hili pia kwa mafuriko, kwa njaa na kwa vita: pale ambapo kilio ni cha wengi, na hasara haihesabiki kwa nyumba moja moja.

Kuna jambo jingine la sarufi ambalo twaomba msomaji alitie maanani. Angalia vitenzi vinavyofuatana na maafa. Maafa hutokea. Maafa huzuka. Maafa hukumba, hupata, huangukia. Hakuna anayesema kwamba fulani aliyatenda maafa kama asemavyo kwamba fulani alitenda dhuluma. Neno hili hukaa vizuri na mvua, bahari na upepo, ambavyo havina wa kushitakiwa. Yaani neno lenyewe lataja kilichoharibika, lakini halimtaji aliyeharibu.

Neno lilivyovuka bahari

Sasa tuje kwenye swali la binti. Ni kweli kwamba huko Marekani neno hili limepewa maana mahususi. Aliyelieneza ni Marimba Ani, mwanaanthropolojia Mmarekani mweusi, ambaye katika maandishi yake ya miongo ya mwisho ya karne iliyopita alilichagua neno la Kiswahili ili kuyataja mateso ya Waafrika waliokamatwa, wakasafirishwa na kutumikishwa ng'ambo ya bahari, pamoja na taathira zilizoendelea kwa vizazi vyao. Leo jina hilo limo katika vitabu na mihadhara, na katika miji kama New Orleans watu hukusanyika kuwakumbuka wahenga wao kwa jina hilo la Maafa.

Wengine huuliza kwa nini Kiswahili, ilhali wengi wa waliovushwa Bahari ya Atlantiki walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, wala hawakuwa wakisema lugha hii. Jawabu ni kwamba watu wale walinyang'anywa lugha za wazazi wao. Walipotaka lugha ya Kiafrika isiyo ya kabila moja, inayosemwa na mataifa mengi, macho yao yaliangukia Kiswahili. Hata sherehe yao ya Kwanzaa, iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ina nguzo saba zenye majina ya Kiswahili, kama vile umoja, ujima na imani.

Na wala si jambo dogo walilokuwa wakilitafutia jina. Watafiti waliochambua kumbukumbu za merikebu wanakadiria kuwa watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa kutoka pwani za Afrika kuvushwa Atlantiki, kuanzia karne ya 16 hadi ya 19, na waliofika wakiwa hai ni kama milioni 10.7. Tofauti ya hesabu hizo mbili ilibaki baharini.

Hata hivyo, si wote walioridhika na jina hilo. Karenga mwenyewe amelipendelea neno jingine la Kiswahili, maangamizi. Hoja yake ni ile ile tuliyoionyesha hapo juu kwa upande wa sarufi: maafa yaweza kufahamika kama jambo lililotokea kwa bahati mbaya, ilhali maangamizi yana mwenye kuyafanya. Kuangamia ni hali ya kumpata mtu. Kuangamiza ni tendo la kumfanyia mtu. Herufi moja tu imeongezwa, na mtendaji amesimama mbele yako.

Tunawastaajabia ndugu hawa. Wamekuja kwenye lugha yetu wakiwa wageni, wakayapima maneno yetu mizani kwa mizani kuliko tunavyoyapima wenyewe.

Na sisi wa mwambao?

Ndipo tunapofika kwenye sehemu ya pili ya swali, ile ya kwamba sisi twayaita nini yaliyofanyika hapa.

Yaliyofanyika yanajulikana. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pande za Ziwa Nyasa na Tanganyika kushukia Kilwa na Bagamoyo, na majahazi yakawavusha mateka hadi Unguja. Wengine walibaki katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Wengine waliletwa kwetu huku, wakalima nafaka na ufuta katika mashamba ya Malindi, Takaungu na viungani mwa Mombasa. Na wengine wakapelekwa Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Seyyid Barghash, lakini utumwa wenyewe haukukoma hapo. Unguja na Pemba hadhi yake ya kisheria iliondolewa mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Waliotoroka walikuwa na vijiji vyao, kama Fuladoyo, na wengine walikimbilia Rabai. Huko Kisauni, wamishenari walianzisha makazi ya Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru, na kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Wangapi kati yetu hupita hapo kila siku bila ya kuuliza kengele ile iligongwa kwa ajili ya nani?

Wako wanaosema kwamba biashara hii haikuwa ya Waislamu peke yao. Ni kweli. Walikuwamo Wareno na Wafaransa, walikuwamo wenye mitaji kutoka Bara Hindi, na walikuwamo machifu wa bara waliowauza watu wao. Lakini mwenye kusimama mbele ya Mola wake siku ya Kiyama hataulizwa habari ya jirani. Tena sisi tunayo hoja nzito zaidi juu ya nafsi zetu, kwa sababu tulikuwa na sheria. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa wako watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao siku hiyo, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mtoto aliyenyakuliwa kijijini kwao kandokando ya ziwa, akiwa anateka maji, alikuwa huru. Aliyemnyakua, aliyemnunua na aliyemuuza tena wote walikula thamani ya mtu huru.

Na dini yetu iliufungulia utumwa milango ya kutokea pande zote. Aliyeua kwa kukosea alitakiwa kumwacha huru mtumwa. Aliyevunja kiapo chake akapewa hiari hiyo. Na katika mafungu manane ya zaka, moja ni la kuzikomboa shingo. Kwa hiyo anayesema kuwa yaliyofanyika mwambao ndiyo Uislamu ameidhulumu dini, na anayesema kuwa hayakufanyika ameidhulumu kweli.

Basi tuyaite nini? Rai yetu ni kwamba neno maafa lafaa kwa upande mmoja na halifai kwa upande mwingine. Lafaa kwa waliopatwa, kwa kuwa jambo lile liliwaangukia kama nzige wanavyoangukia shamba. Halifai vinywani mwa wazao wa walionunua na kuuza, kwa sababu litatufichia mtendaji. Kwetu sisi jina lake la haki ni dhuluma. Qur'ani yenyewe imetufunza kwamba uharibifu hudhihiri nchi kavu na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, na hapa mwambao, nchi kavu na bahari zote mbili zilishuhudia.

Maafa ya ulimi

Huenda msomaji akasema: Sheikh, hayo yamepita, na waliohusika wako makaburini. Laiti ingekuwa hivyo. Tulisema kwamba afa hukaa ndani ya kitu kizuri ikakila, na Imamu Ghazali ametuonyesha mahali inapopendelea kukaa. Tuuchunguze ulimi wetu.

Neno mjinga, ambalo leo humwambia mtoto aliyekosea hesabu, katika mwambao wa zamani lilikuwa jina la mtumwa aliyeletwa karibuni, asiyejua bado lugha wala desturi za mji. Mzalia alikuwa yule aliyezaliwa hapa hapa utumwani. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiyehesabiwa. Na mwungwana, ambaye leo ni mtu mwenye adabu na maneno mazuri, maana yake ya awali ilikuwa mtu aliye huru, asiye mtumwa. Tazama lugha ilivyofanya: ikamchukua aliye huru ikamfanya kuwa mwema, na ikamchukua aliyetekwa ikamfanya kuwa mpumbavu. Hukumu ya soko imebaki katika kamusi hata baada ya soko kufungwa.

Lakini lugha hiyo hiyo imetuwekea dawa. Mtumwa na Mtume ni wana wa kitenzi kimoja, kutuma. Kiumbe bora kuliko wote tunamwita kwa neno lililozaliwa tumbo moja na mtumwa. Na neno mja, ambalo limo ndani ya mjakazi, ndilo tunalolitumia tukisema waja wa Mungu. Sehemu ya -kazi katika mjakazi si ile kazi ya mikono. Ni kiambishi cha kale cha Kibantu chenye maana ya mwanamke. Mjakazi ni mja wa kike, basi. Kila mmoja wenu, mama zetu na dada zetu, ni mja wa kike wa Mola wake, na hakuna cheo kinachopita hicho. Wala hakuna nyumba miongoni mwetu isiyo na Abdallah, Abdulrahman au Abdulkarim, na abdi maana yake ni mtumwa. Tunawapa wana wetu jina hilo kwa fahari, kisha twamtusi mwana wa mwenzetu kwalo.

Sahaba Abu Dharr (r.a.), pamoja na ubora wake, aliwahi kugombana na mtu akamtia aibu kwa kumtaja mamake. Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba ni mtu ambaye bado ndani yake mna ujahilia. Naye Abu Dharr alikuwa miongoni mwa watangulizi katika Uislamu. Ikiwa neno moja kuhusu mama wa mtu lilimrudisha sahaba kama huyo kwenye ujahilia, tuseme nini juu ya mtoto wetu anayesikia nyumbani kwamba nywele za fulani ni mbaya, pua ya fulani ni ya kibara, na ukoo wa fulani walikuwa watu wa nyumbani kwetu? Maneno hayo husemwa kwa sauti ya chini, jikoni au barazani, na mara nyingi kwa mzaha. Mtoto huyasikia, na mtoto hajui mzaha.

Siku ya posa

Mahali maafa haya yanapoumiza zaidi ni siku ya posa. Kijana mwenye dini, mwenye kazi, mwenye heshima kwa wazazi wake, hutuma wazee kwenda kuposa. Binti ameridhika. Kisha shangazi mmoja huuliza kwa upole: "Na asili yao ni ya wapi hasa?" Posa hurudishwa. Hakuna anayetaja sababu, lakini mji mzima waijua. Na twajua pia mabinti waliokatazwa hivyo mara mbili na mara tatu, umri ukapita, na waliowakatalia wakawa wa kwanza kuuliza mbona hawaolewi.

Wenye kufanya hivyo hutafuta kinga katika fiqhi, wakasema kuna kufu. Ni kweli kufu imo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Kishafii. Lakini kufu imewekwa kuwa haki ya mwanamke na walii wake, ili asitwishwe mume atakayemdhalilisha. Wakiridhia wao, ndoa ni sahihi na wala haina doa. Imamu Malik ameiangalia kufu kwanza katika dini. Ngao aliyopewa binti ili imlinde haifai kugeuzwa ukuta wa kumfungia. Tena utumwa umeondoka katika mwambao huu tangu mwaka 1907. Hakuna kijana aliye hai leo ambaye hakuzaliwa huru.

Tuwakumbushe pia habari ya Bibi Fatima binti Qays (r.a.), mwanamke wa Kikureshi. Alipoachwa na eda yake ikaisha, waliomposa ni Muawiya na Abu Jahm, wote watu wa nasaba. Alipomshauri Mtume (s.a.w.), yeye alimwelekeza kwa Usama. Na Usama ni nani? Babake ni Zayd bin Haritha, mtoto huru aliyenyakuliwa na wavamizi, akauzwa, akafika Makka akiwa mtumwa, hadi Mtume alipomwacha huru. Mamake ni Bibi Ummu Ayman, Mhabeshi, aliyekuwa mjakazi naye akaachwa huru. Bibi Fatima mwanzo moyo wake ulikataa. Mtume akamrudia kumwambia. Akakubali, na mwenyewe akasimulia kwamba Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa ile hata akatamaniwa kwayo. Twasema haya ili shangazi ajue kwamba swali analoliuliza lilikwisha kujibiwa Madina.

Na lau tungefuatilia asili kwa haki, wangapi wangesalimika? Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, watoto aliowaacha, na miongoni mwao wakiwa masultani waliomfuata, walizaliwa na masuria. Sayyida Salme, bintiye aliyeandika kumbukumbu za maisha yake, mamake alikuwa suria wa Kicherkesi. Sheria yetu ilimhesabu mtoto wa suria kuwa huru na halali, akamrithi babake sawa na nduguze, na mama huyo akawa huru bwana wake alipofariki. Ikiwa nyumba ya kifalme imejengwa juu ya matumbo ya wanawake waliotekwa, basi zetu je? Katika shajara nyingi za mwambao jina la baba limeandikwa hadi kizazi cha kumi, na mahali pa bibi mmoja pameachwa wazi. Bibi huyo hakuwa hana jina. Alikuwa na jina alilopewa na mamake, akavuliwa njiani pamoja na nguo zake.

La kufanya majumbani

Mama aliyetuandikia hakutaka maelezo tu. Alitaka la kumwambia bintiye. Tunamshauri mambo matatu.

La kwanza, amwambie kweli. Asimwambie kuwa hayakutokea, wala asimwachie ayapate kwa watu wa mbali peke yao. Afa ya elimu ni kusahau, na jambo lisilosemwa na mama husemwa na asiyetutakia kheri. Siku moja wapitapo Kengeleni, amwonyeshe.

La pili, aulinde ulimi wa nyumba. Yatosha mtu mmoja barazani kusema, "Neno hilo, jamani, tuliache." Ulimi hauna mfupa, lakini una mwenyewe. Na kwa kuwa watoto huiga kabla ya kufahamu, mama atakayeliondoa neno moja la dharau jikoni mwake amelisafisha ghala la kizazi kizima kabla ya mdudu kuingia.

La tatu, na ndilo gumu, ni siku posa itakapofika mlangoni. Mtume (s.a.w.) ametuagiza kuwa akija mtu tunayeridhia dini yake na tabia yake, tumwoze, na ametuonya kuwa tusipofanya hivyo patakuwa na fitna katika ardhi na uharibifu mkubwa. Tutafakari, ndugu zangu. Uharibifu mkubwa, huko ndiko maafa. Na safari hii hatuwezi kusema yametokea tu, kwa sababu mkono uliofunga mlango ni wetu.

Ya Rabi, warehemu waliotekwa wakafa njiani, waliozama, na waliokufa ugenini bila ya jamaa wa kuwaswalia wala kuwalilia. Warehemu mabibi zetu ambao majina yao hatuyajui nawe wayajua. Tutakasie ndimi zetu, uziunge nyoyo za wana wetu, na utuepushe na maafa, ya kutupata na ya kuyatenda. Amin.

Juma lijalo, inshaallah, tutaliangalia neno faraja. Wallahu aalamu, wabillahi tawfiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.